Waifai imejaa, mtandao hamna

"Dada, waifai imejaa lakini hamna kitu!"

Mdogo wangu kasimama mlangoni pa chumba chake cha uani, juu shati la mikono mirefu limepigwa pasi mpaka kola, chini kaptula, simu kaiinua juu kama vile mimi ndo natakiwa kutoa hukumu. Alikuwa katikati ya intavyuu ya kazi. Jopo liko Dar, yeye yuko Isevya hapa Tabora, na wale watu wameganda kwenye skrini, mmoja mdomo wazi. Nikaangalia pale juu pa simu na kweli, mistari ya waifai imejaa yote. Akazima waifai, akawasha bando lake la simu, akarudi ndani akamalizia.

Intavyuu aliimaliza salama, kwa hiyo sio iliyonikaa kichwani. Kilichonikaa wiki kadhaa ni ile mistari.

Maana ndo kwanza tulikuwa tumetoka kufunga rauta za meshi, zile zinazopokezana waifai ienee nyumba nzima. Vidude vitatu vyeupe, kaka yetu alivinunua Kariakoo akavituma kwa basi, hela sio ndogo, na nyumba nzima ilishatangaza kwamba tatizo la mtandao limeisha. Na ukiangalia simu ya mtu yeyote, kona yoyote ya nyumba, imejaa. Sasa imejaa nini?

## Kila mtu na kidude chake

Nyumba yetu ni kama nyumba nyingi za huku. Nyumba kubwa mbele, sebule, korido, vyumba pande mbili, halafu unatokea mlango wa nyuma unaingia uani, kuna jiko, kuna tangi la maji, halafu ng'ambo ya tangi kuna vyumba vya uani ambavyo baba aliongeza kidogo kidogo kadiri hela ilivyopatikana. Kuta ni za tofali za kuchoma, tena zimelazwa, sio za kusimamisha, unene wake fundi akija na drili anaanza kwa kuguna.

Faiba inaingilia sebuleni. Zamani waifai ilikuwa inaishia mlango wa korido, ukitaka kudownload kitu unahamia kwenye kochi.

Vidude vilipofika kila mtu alikuwa na hoja moja tu: kiwekwe chumbani kwangu. Mdogo wangu alichukua chake akakiweka mezani kwake, pembeni ya kitanda. Na ukifikiria ina mantiki kabisa, si ndo pale ambapo mtandao haufiki? Unapeleka taa kwenye giza. Ukiuliza watu kumi wenye hizi meshi mjini nadhani tisa wamefanya hivyo hivyo, na muuzaji hakuwaambia chochote kwa sababu yeye anauza boksi, boksi limeshaondoka dukani.

Shida ni kwamba kile kidude hakitengenezi mtandao. Chenyewe kinaupokea kutoka kwa mwenzake wa sebuleni, kwa hewa, halafu kinaurusha tena. Ukikiweka pale ambapo simu ilikuwa haipati kitu, na chenyewe hakipati kitu.

Ila simu haijui hilo.

Mistari ile inapima jambo moja tu, nguvu ya mawimbi kati ya simu na kidude kilicho karibu. Huko nyuma ya kidude kuna nini, njia ipo au haipo, simu haiulizwi na wala haisemi. Mdogo wangu alikuwa amekaa nusu mita kutoka kwenye kidude. Ingejaa hata kama faiba ya nje ingekuwa imekatwa na jembe.

## Kupima kwa vipande

Mtaani jibu la kila tatizo la mtandao ni moja, "hao kampuni wezi tu". Siwatetei, lakini nilitaka nijue kabla ya kupiga simu ya kugombana, kwa hiyo nikaamua kuikata ile njia vipande nipime kila kipande peke yake.

Kipande cha kwanza, nje mpaka sebuleni. Hapa usitumie waifai, chomeka laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye rauta ya kampuni halafu ndo upime. Kifurushi chetu ni cha spidi ya Mbps 30 na zilikuja 29. Kampuni hawana kesi.

Kipande cha mwisho, kidude cha uani mpaka kwenye simu. Nikaweka app inayoonyesha nguvu ya waifai kwa namba, sio mistari. Hizi namba zinaandikwa kwa dBm na ni za hasi, kwa hiyo inayokaribia sifuri ndo yenye nguvu. Kwenye -40 na kitu umekaa pembeni ya rauta, -67 hivi bado video inakwenda vizuri, ukifika -80 unaanza kusali. Chumbani kwa mdogo wangu ilisoma -42. Safi sana.

Kimebaki kipande cha katikati ambacho hakuna mtu anakiangalia.

Nikazima kile kidude kwa muda, nikashika simu pale pale kinapokaa, nikaisoma waifai ya sebuleni. -83, mara -85, mara inapotea kabisa. Sasa hizi namba zina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui, kila ukishuka 10 nguvu inayobaki ni moja ya kumi. Kutoka -43 mpaka -83 hujashuka mara mbili, umeshuka mara elfu kumi. Hicho ndo chakula ambacho kidude kilikuwa kinapewa halafu kinatakiwa kiwalishe watu.

Spidi pale kitandani ilikuwa Mbps 3. Muda mwingine 2.

## Reli moja

Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa sana habari hii. Reli ya kati ilifika hapa 1912, Kigoma ikafika 1914, baadaye tukapata na tawi la kwenda Mwanza, sisi ni stesheni ya njia panda tangu babu zetu. Na kila aliyesafiri na treni ya zamani anajua kwamba reli ile ni moja, ya kwenda na ya kurudi ni hiyo hiyo, mnakaa stesheni ndogo porini mnasubiri mwenzenu apite ndo na nyie muondoke. Stesheni ya Tabora inaweza kuwa nzuri, imepakwa rangi, ina mabenchi, lakini ratiba yako inaamuliwa na ile njia ya porini.

Meshi za bei yetu ziko hivyo hivyo. Zina redio mbili, ya masafa ya 2.4 GHz na ya masafa ya 5 GHz, na redio ile ile inayoongea na simu yako ndo hiyo hiyo inaongea na kidude cha sebuleni. Kwenye chaneli moja haiwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Inapokea, inanyamaza, inarusha. Kwa hiyo hata hewa ikiwa nzuri kabisa, ukiruka kidude kimoja spidi inaweza kukatika karibu nusu, ukiruka cha pili inakatika tena. Zipo za bei kubwa zenye redio ya tatu ambayo kazi yake ni kuongea na vidude wenzake tu, ila bei yake acha.

Na 5 GHz ndo yenye spidi lakini haipendi kuta. Ikikutana na tofali za kulaza mara mbili mara tatu inakata tamaa, kidude kinaangukia kwenye 2.4 ambayo inapenya zaidi, ila huko kuna foleni. Kule kuna chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, 1, 6 na 11, na majirani wote na rauta zao mko humo humo. Ongezea na tangi la maji pale katikati, maji yanameza mawimbi haya kwa kiasi kikubwa, na tangi letu limekaa kwenye mstari ulionyooka kabisa kutoka sebuleni kwenda uani. Baba aliliweka pale kwa ajili ya jiko. Nani angejua.

Fundi mmoja wa simu alinishauri niuze vidude ninunue rauta moja ya antena nyingi, "inapiga mpaka barabarani dada". Nilikaa na huo ushauri siku kadhaa, maana unavutia. Halafu nikajiuliza, sawa, rauta inapiga kelele mpaka barabarani, na simu je? Simu ina kiredio kidogo na betri ndogo, na mtandao ni wa kujibizana, kila kinachokuja simu inatakiwa iitikie nimepata. Utaisikia rauta vizuri, yenyewe haikusikii. Mistari itajaa tena na hamna kitu tena, nitakuwa nimenunua ugonjwa ule ule kwa bei nyingine.

## Mistari ikapungua

Nikakihamisha kidude. Nikakitoa chumbani kwa mdogo wangu nikakiweka kwenye korido, juu ya kabati, karibu na mlango wa nyuma. Pale kinapata -62 kutoka sebuleni, na kikitoka pale kinalikwepa tangi kwa pembeni.

Chumbani kwake mistari ikapungua, ikabaki miwili.

Spidi ikapanda mpaka Mbps 12.

Hapo ndo nilipoona kitu cha ajabu. Hakuna aliyekubali. Mdogo wangu aliangalia ile mistari miwili akasema dada umeharibu. Nikampa simu apime mwenyewe, akapima, 12, akapima tena, 12, akasema labda saa hizi watu wachache. Mama akapita akaangalia naye akasema mbona imepungua. Nimewaonyesha namba mkononi na bado mistari inashinda kesi!

Na siwacheki, maana tumefundishwa hivyo. Toka tumeanza kushika simu za vibonye tunapanda juu ya kichuguu tunatafuta mistari, na wakati ule mistari ilikuwa inasema kweli, ikiwepo unapiga simu, isipokuwepo hupigi. Simu zimebadilika, kazi imebadilika, alama imebaki ile ile. Niliwaza pia ni vitu vingapi vingine nyumbani tunavipima kwa kuangalia mwisho wake tu, ule unaotugusa. Bomba likitoka maji kwa nguvu tunasema maji yapo, hatujui tangi limebaki na ndoo ngapi. Ila nisiende mbali.

Siku chache yakaisha manung'uniko. Kisha yakaanza mengine.

## Usiku

Mchana safi, usiku mbovu. Kuanzia saa tatu saa nne hivi uani kunakuwa hakuna kitu.

Hapa kila mtu alikuwa na uhakika: usiku watu wengi, mtandao unaelemewa. Na ni kweli hiyo kitu ipo, mitandao huwa inaelemewa jioni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuamini, nikasema basi, hili liko nje ya uwezo wangu.

Ila nikarudia kupima vipande, saa nne ile ile. Sebuleni kwa waya, 28. Koridoni chini ya kidude, 14. Uani, 2.

Kwa hiyo kuelemewa hakupo. Kuna kitu kinatokea kati ya korido na uani, na kinatokea usiku tu.

Nilikuwa nimesimama na simu pale koridoni nikamsikia mama anafunga nyumba. Komeo la juu, komeo la chini.

Mlango wa nyuma ni wa chuma! Mchana unakaa wazi kutwa nzima, watu wanaingia wanatoka, mawimbi nayo yanapita pale pale. Usiku unafungwa, na bati zima la chuma halipitishi mawimbi, linayarudisha. Nikamwomba mama aufungue kidogo, nikapima uani, 11. Akafunga, 2. Akafungua tena, akaniuliza mwanangu tunacheza nini saa hizi.

Huu mlango sijausoma kwenye maelekezo yoyote ya meshi. Kule zinakotengenezwa nadhani watu hawalali na makomeo mawili.

## Ukuta wa baba

Baada ya hapo jibu lilikuwa moja, waya. Hizi meshi nyingi zina matundu ya waya nyuma, ukivuta waya kutoka kidude cha kwanza mpaka cha pili vyenyewe vinajua, vinaacha kuongea kwa hewa vinaongea kwa waya, na ile redio inabaki kwa ajili ya simu tu. Waya wa mtandao, aina ya Cat 5e au Cat 6, unakwenda mpaka mita 100. Sisi tunahitaji kama 30.

Fundi akaja, akagonga ukuta, akaguna kama nilivyotegemea, akatoa drili.

Mama akasema hapana.

Sio hapana ya kujadili. Ule ukuta baba aliusimamia mwenyewe, tofali alizichoma mwenyewe, na kwa maneno ya mama haujawahi kutobolewa na hautatobolewa kwa ajili ya WhatsApp. Fundi akaniangalia mimi, mimi nikaangalia chini. Ningeweza kubishana, tundu lenyewe dogo kuliko kidole. Sikubishana, na mpaka leo sioni kama nilitakiwa. Nyumba ni yake.

Tukapita juu. Waya ukapanda darini kwa ule mlango mdogo wa dari, ukatembea juu ya mbao mpaka nyuma, ukatokea chini ya mabati pale paa linapozidi ukuta, ukashuka kwenye bomba la plastiki la mafundi umeme. Kutoka pale kwenda vyumba vya uani fundi alitaka kuuning'iniza hewani kama kamba ya nguo. Nikakataa mimi safari hii. Huku kwetu mvua zinaanza mwezi wa kumi na moja na radi zake mnazijua, waya wa shaba nje baina ya majengo mawili ni kuikaribisha. Hata isipopiga nyumba, ikipiga karibu tu inaweza kusukuma umeme kwenye waya ikaunguza tundu la kila kitu kilichochomekwa. Tukachimba mtaro, mama akaruhusu uani ichimbwe kwa sharti mchicha wake usiguswe, kwa hiyo mtaro umepinda. Kwenye ngurumo kubwa bado tunachomoa waya pande zote mbili, kuufukia sio kinga kamili.

Kitu kingine, waya wenyewe. Fundi alikuja na boksi la bei rahisi. Chukua kisu ukwangue ncha ya uzi wa ndani, ukiona nyeupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, inakatika ovyo na inapoteza nguvu njiani. Shaba tupu inabaki nyekundu. Tulirudisha lile boksi, muuzaji akanuna kidogo.

Halafu nikakirudisha kidude chumbani kwa mdogo wangu. Mezani, pembeni ya kitanda, pale pale alipokiweka yeye siku ya kwanza.

Mistari imejaa yote. Simu inasoma -42.

Mbps 28.

Ukipiga picha ya skrini siku ya ile intavyuu na ukapiga leo, ukaziweka pamoja, hutajua ipi ni ipi. Kwa mara ya kwanza mdogo wangu akaanza kuamini namba, maana alama imemgomea kabisa kumwambia chochote. Sasa hivi amekuwa msumbufu upande wa pili, anapima spidi asubuhi anapima jioni ananitumia.

## Simu ya shangazi

Kwa kifupi hili, maana limeulizwa sana nyumbani. Shangazi akitoka sebuleni akaenda uani simu yake inabaki imeng'ang'ania kidude cha sebuleni mpaka inakata roho, ya kwangu inahama yenyewe hata sijui. Watu wanadhani rauta ndo inaamua uhame. Hapana, anayeamua ni simu, rauta inaweza kushauri tu, na simu za zamani hazishauriki. Ya shangazi tunazima waifai tunawasha tena akifika uani. Ameshazoea, anafanya mwenyewe bila kuita mtu.

Na ile rauta ya kampuni kumbuka kuizimia waifai yake, isipozimwa inagombania hewa na vidude vyako na nusu ya simu zitaingia huko.

## Kidude cha tatu

Kimebaki. Nilikizima kwa majaribio na hakuna aliyegundua, nyumba yetu haihitaji vitatu, boksi ndo lilikuwa la vitatu.

Baba mdogo anakitaka. Anakaa Cheyo, hapa hapa Tabora. Amekuja Jumapili na hesabu zake kamili kwamba akikichukua akakiweka kwake, si kitakuwa kinashika waifai yetu kwa sababu ni pacha? Nikamweleza hakitashika, kutoka Isevya mpaka Cheyo ni mbali mno, itabidi avute mtandao wake na kidude kianze upya kama rauta inayojitegemea. Akasema sawa, atavuta. Akauliza kikiwa chumbani kwake kitafika mpaka kwenye banda la nyuma?

Nikamuuliza mlango wake wa nyuma ni wa mbao au wa chuma. Hajibu, ananiangalia. Kidude bado kipo kabatini mpaka alete jibu.